Mafuta ya Nazi Tu

Mjukuu wangu Mwanajuma,

Marahaba. Huku Waa tu wazima, na shangazi yako amejifungua salama. Unauliza kama mama yako aache dawa za presha, kwa kuwa mkandaji amemwonyesha kituo cha moyo kwenye unyayo, mahali anapodai pakibonyezwa presha hushuka.

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa nikikanda miguu ya wageni Diani, na vituo hivyo nikiviamini. Mwenzangu Mejumaa alikuwa mbishi. Siku moja walikuja wageni wawili wanaoumwa na kichwa. Mgeni wangu nilimbonyeza vituoni. Mejumaa wake alimpaka mafuta ya nazi tu, huku akipiga naye soga. Wote wawili walilala fofofo.

"Haya, kituo kimefanya kazi gani?" akaniuliza.

Watu wawili hawatoshi kuthibitisha jambo, lakini swali lile sijalisahau. Mlete mama yako nimkande, apumzike. Ila aje na dawa zake.

Bibi yako