Waya Uliouweka Mahali pa Fyuzi

Baba Pacha,

Usiwashe umeme. Swichi kubwa nimeizima mwenyewe, iache hivyo hivyo. Chai iko kwenye chupa, mkate nimeufunika.

Asubuhi nilikuwa napiga pasi sare za watoto huku birika la umeme linachemka. Nikasikia harufu ya plastiki inayoungua. Soketi imekuwa nyeusi tii, ukuta haushikiki kwa joto, na upande wa pili wa ukuta huo ndipo kilipo kitanda cha watoto. Nikafungua boksi la fyuzi. Nikakuta kipande cha waya wa kutundikia nguo. Wa nguo, Baba Pacha!

Fyuzi ina uzi mwembamba makusudi. Umeme ukizidi, uzi unakatika na mambo yanaishia hapo. Waya wako haukatiki ng'o. Kitakachoungua ni nyumba.

Ungesema tu kwamba fyuzi imekatika, ningeibadilisha kwa dakika tano. Lakini wewe, mwanamume mzima, umwombe mkeo? Wenzako wangesemaje! Kumbe hata watoto uliwaziba midomo: "Mama asijue." Wameniambia wenyewe, huku wanalia.

Fyuzi mpya hii hapa, juu ya karatasi. ~~Iweke.~~ Usiiguse. ~~Nitarudi saa kumi.~~ Nitarudi nikimaliza kazi za watu. Watoto watalala kwa shangazi yao mpaka niifunge kwa mikono yangu.

Mkeo,
fundi umeme wa nyumba zote isipokuwa yako