Grili ya Landrova ya Baba

Katesh,
3 Juni 2025

Kaka Maksi,

Shikamoo. Natumaini wewe na wifi Mectilda hamjambo na baridi ya huko. Sisi tu wazima, ila vumbi limeanza na darasa langu zima linakohoa.

Nakuandikia barua kama mtu wa zamani kwa sababu simu zangu hupokei tangu Pasaka. Barua angalau huwezi kuikata.

Jambo lenyewe ni hili. Mpwa wako Loveness anafunga ndoa Jumamosi tarehe 13 Septemba, na amekataa gari la kukodi. Anataka kwenda kanisani na Landrova aliyoniachia baba. Injini sasa iko sawa. Fundi mmoja wa hapa, Godlisten, ameihangaikia tangu Machi, na juzi tumeizungusha barabara ya Singida tukarudi bila kusukuma. Kilichobaki ni grili ya mbele. Unakumbuka siku ya kumaliza matanga ya baba, vijana waliing'oa wakaigeuza wavu wa kuchomea nyama. Nyaya za katikati zilikatika, fremu ikapinda, na gari limekaa miaka miwili mdomo wazi. Siwezi kumpeleka bibi harusi na gari linalopiga miayo.

Baba alikuwa akisema Mbulu nzima hakuna anayeshika waya kama wewe. Naomba uitengeneze. Ukikubali naituma kwa basi.

Mdogo wako,
Verediana

*

Nambis,
19 Juni 2025

Mdogo wangu Verediana,

Marahaba. Hatujambo. Baridi ya mwaka huu haina adabu, wifi yako analala na soksi. Mahindi tumepata, maharage wadudu wamekula wakashiba. Nimefurahi kwamba Loveness anaolewa, ingawa habari hiyo ilitakiwa inifikie mimi mjomba wake kabla haijamfikia fundi.

Sasa huyo Godlisten. Ameihangaikia injini tangu Machi! Mimi nililala chini ya gari lile miaka kumi na moja. Oili yake imenidondokea machoni. Baba akitaka spana, ilikuwa mkononi mwake kabla hajamaliza kuitaja. Wewe ulikuwa ukipita pale na madaftari yako, umeziba pua. Halafu baba anafariki, karatasi aliyoandika inasomwa mbele ya ukoo, gari ni la Verediana. Watu wote wakanitazama mimi. Nikacheka kama mjinga.

Na leo mtu ambaye hata hakumjua baba amefungua injini yake, mimi nimebakiziwa grili, kama mtoto anayepewa sufuria akwangue ukoko. Naona wivu, ndiyo. Naandika kwa kalamu yangu ili usije ukasema umesikia kwa watu. Mwambie bingwa wako amalizie mwenyewe.

Kaka yako,
Maximilian

*

Katesh,
26 Juni 2025

Kaka,

Shikamoo. Barua yako imefika, na makali yake nimeyasikia kabla sijafungua bahasha. Poleni na maharage.

Nimefanya ulivyoagiza, nimempa Godlisten. Alikuja siku ile ile, akaichukua grili huku anapiga mluzi, hakuniuliza gari ni la nani wala nililipataje. Yeye ndiye atakayeendesha siku ya harusi, maana mimi nitakuwa na mambo mia.

Wewe endelea na wivu wako wa mke mwenza. Kadi ya mwaliko itakuja.

Mdogo wako,
Verediana

*

Nambis,
2 Agosti 2025

Verediana,

Habari za siku nyingi. Natumaini afya ni njema. Yangu si mbaya, ila nina hasira, na usipomaliza kusoma barua hii utamwonea mtu bure.

Juzi nilikuja Katesh mnadani kutafuta ndama. Kwako sikufika, unajua sababu. Lakini miguu ilinipitisha kwenye gereji ya Godlisten. Landrova ilikuwa nje, imepakwa rangi mpya, imeng'aa. Nilisimama pale nikaumia. Nilitamani ingekuwa mbovu.

Kisha nikaona grili. Amechomelea kwa umeme! Waya mwembamba vile! Kila kiungo kina nundu kama chunusi, na pale umeme ulipozidi waya umeliwa, ameziba kwa rangi ya fedha. Baba alinifundisha nikiwa na miaka kumi na minne kwamba waya ule unaungwa kwa shaba, kwa moto wa gesi, polepole. Nilimwona baba pale, Verediana, nakuambia kweli, nilimwona anatikisa kichwa.

Godlisten alikuwa amekwenda kunywa chai. Nilikuwa na bisibisi mfukoni. Kwa nini mtu aende mnadani na bisibisi, usiniulize. Nilifungua skrubu zote, nikaitia grili kwenye gunia, nikapanda basi bila ndama.

Iko hapa kwangu. Nimeshakata kazi yake yote na naanza upya. Asiiguse tena.

Kaka yako,
Maximilian

*

Katesh,
9 Agosti 2025

Kaka Maksi,

Shikamoo. Leo nakupa kwa sababu mama alinifundisha, si kwa sababu umeistahili.

Barua yako imechelewa siku mbili. Godlisten alikwenda na mtendaji wa kijiji mpaka kwa mzee Abel anayenunua vyuma chakavu, wakapekua ua wake mzima mbele ya wateja. Mzee wa watu alikuwa analia. Nimekwenda kumwomba radhi kwa jina lako, na jina lako nimelitaja.

Sasa na mimi niseme yangu. Siku ile ya matanga shangazi Perpetua alitapika, na watu wengine wanne. Tulidhani nyama ilikuwa ya zamani. Wewe, mtu wa kugombania mbavu, ulikaa kando unakula viazi. Nilikuuliza ukasema una jino. Mwezi wa Machi, Godlisten alipoiona grili alinieleza kwamba waya ule umepakwa zinki na haufai kabisa kuwekewa chakula motoni, na kwamba hakuna mchomeleaji asiyejua hilo. Nikaelewa jino lako. Nilikuandikia wewe kwanza nikijua, kaka. Nilitaka uitengeneze wewe ili yaishe bila mimi kusema.

Na hilo la gari. Unauliza kila mara kwa nini baba alinipa mimi. Nilimwomba. Hakuna kingine. Nilikuwa nampeleka kliniki, nikamwambia, baba, mimi nalipenda gari hili. Akashangaa, kisha akafurahi. Nikamuuliza, na Maksi? Akasema, "Maksi hajawahi kuniomba kitu. Nafikiri changu hakitaki." Alisema kwa uchungu, akageukia dirishani.

Ulikuwa unasubiri upewe. Na yeye alikuwa anasubiri uombe.

Verediana

*

Nambis,
7 Septemba 2025

Mdogo wangu Verediana,

Natumaini barua hii inakukuta salama na maandalizi yanakwenda. Mimi mwili ni mzima. Usingizi ndio umenikimbia tangu barua yako.

Grili inakuja na barua hii, imefungwa kwenye blanketi. Nyaya ishirini na sita ni mpya, zimeungwa kwa shaba, pitisha kidole hutagusa nundu hata moja.

Vijana siku ile walikosa wavu wa nyama, wakaja kuniuliza. Ni mimi niliyewaambia wakachukue grili ya Landrova. Karatasi ilikuwa imesomwa asubuhi yake na nilitaka kitu cha gari lile kiharibike. Ugonjwa sikuupanga. Lakini moshi mweupe ulipoanza kutoka nilijua, na ningeweza kuwazuia, nikaona aibu ya kueleza, nikanyamaza. Jumatatu nilikwenda kwa shangazi nikamwambia. Amenifukuza na fimbo, kisha akanirudisha nikanywe chai. Kwa mzee Abel nitakwenda nikija.

Wivu haujaniisha. Nikifikiria Godlisten kwenye usukani wa baba natafuta bisibisi. Karatasi hii ni ya nne, tatu nimechana, kwa sababu kila nikifika hapa nageuza maneno yanakuwa amri. Mtu wa miaka hamsini na sita hajui kuomba.

Naomba Jumamosi niendeshe mimi. Naomba, Verediana. Ukikataa nitakuja hivyo hivyo.

Kaka yako,
Maksi

*

Katesh,
10 Septemba 2025

Kaka yangu Maksi,

Shikamoo kaka, ya moyo safari hii. Tu wazima wote, Loveness amekonda kwa wasiwasi, nguo imebidi ipunguzwe.

Grili imefika. Godlisten ameigeuza huku na huku karibu nusu saa bila kupiga mluzi. Mwishowe akasema, "Huyu bwana nani alimfundisha?" Nikamwambia aje akuulize mwenyewe.

Kwenda kanisani ataendesha yeye. Nilishamwahidi, na kazi ya injini aliifanya kwa moyo, siwezi kumwaibisha. Kiti cha mbele kinabeba watu watatu: yeye kwenye usukani, Loveness dirishani, na katikati mjomba wa bibi harusi. Utakaa umebanana naye bega kwa bega, na wivu wako uubebe magotini mpaka kanisani.

Kurudi utaendesha wewe. Hilo umeliomba, nimekupa. Ungemwomba baba hivyo, lingechukua dakika moja.

Gari linaondoka nyumbani saa tatu kamili asubuhi. Njoo Ijumaa, ulale hapa, mashati ya Mbulu yananuka moshi, nitakufulia.

Mdogo wako,
Verediana