Mateke Tumeyaacha Kurasini

Dada Neema,

Mie Zuhura. Nimeshinda.

Adabu ilinitaka nianze kwa salamu, lakini neno hili limenikaa kooni tangu Jumamosi, na wewe ndiye mtu niliyetaka kumpigia simu nikiwa bado na glovu mikononi. Nimeshinda, dada. Kwa ngumi tupu, bila teke hata moja.

Najua ungecheka. Miaka yote ile ya kickboxing, au ngumi na mateke kama ulivyopenda kuiita, teke langu halikumtisha hata paka. "Zuhura, mguu wako una aibu," ulikuwa ukiniambia, na wote mle ndani wanacheka, na mie nacheka. Ila mikono yangu ulikuwa huitanii. Ulikuwa unashika zile pedi za kupigia ngumi, napiga, unasogea nyuma, unanitazama, halafu unasema, "Tena." Basi.

Ngoja nikusimulie tangu tulipoachana.

Tulipotoka kukuzika kwenu Same, tulirudi Kurasini tukakuta mwenye banda letu la mazoezi analihitaji banda lake. Sikumlaumu. Alitupa ile nafasi nyuma ya yadi ya makontena kwa sababu yako, na wewe hupo tena. Alitwambia kwa upole, akatupa muda wa kutoa vitu vyetu. Kina dada walikuja, wakasimama mlangoni, wakalia, wakaenda zao. Mmoja alisema kutembea asubuhi kunamtosha. Mwingine, Asha, alikuwa na mtoto mchanga. Banda lilikuwa kama jiko lililozimika moto: masufuria yote yapo, lakini hakuna anayetaka kukaa.

Tukabaki mie na Mage. Mage wako, mwalimu wa shule ya msingi, Mnyakyusa asiyejua kunong'ona. Alikaa juu ya mikeka iliyokunjwa akaniuliza kama na mie naondoka. Nilikuwa nakitazama kile kiti cha plastiki cha bluu ulichokuwa ukikalia siku ulizotoka hospitali kusafishwa damu, figo zimekuchosha, macho yamevimba, na bado unatupigia kelele kwamba tunapumua vibaya. Dada, mpaka leo sijui ulikuwa unapata wapi ile sauti.

Tulitafuta mahali pengine pa kickboxing. Tulichopata ni jumba la mazoezi kule Mbezi Beach, mbali na kwetu, na watu wake ni wenye magari. Ndipo Mage akaitaja ile klabu ya ngumi ya Temeke, nyuma ya soko. Nikamwambia ile ni ya wanaume.

"Mlangoni hawajaandika wanaume," akanijibu.

Tukalipakia gunia letu la kupigia ngumi kwenye bajaji, lile ulilolijaza mabaki ya vitambaa kutoka kwa mafundi cherehani. Lilikaa katikati yetu kama abiria. Dereva alituuliza kama tumebeba maiti. Mage akamjibu kwamba ni shemeji yake, ana mafua. Nilicheka mpaka nikalia, halafu nikalia kweli, na Mage akanipitishia mkono juu ya gunia akanishika bega hadi tukafika.

Mkuu wa klabu anaitwa Kocha Shabani. Ni bondia wa zamani, pua imelala upande mmoja, sauti ndogo kama ya mtu anayeogopa kuamsha mtoto. Tulimpa shikamoo, tukamweleza shida yetu. Vijana waliokuwa wakiruka kamba wakapunguza mwendo ili wasikie. Akatuuliza nani alitufundisha. Nilipokutaja, akainua kichwa.

"Yule dada wa Kurasini aliyekuwa akifundisha kakaa kwenye kiti?"

Kumbe habari zako zilikuwa zimefika Temeke kabla yetu. Nikaitikia kwa kichwa. Akatukaribisha ndani. Alitupa sharti moja, kwamba kwake pale miguu ni ya kutembelea.

Dada, usidhani ilikuwa rahisi. Nilidhani ngumi ni kickboxing iliyopunguzwa, kumbe ni nyumba nyingine kabisa. Wewe ulitufundisha kusimama wima, uzito nyuma, ili mguu wa mbele uwe mwepesi kuinuka. Kule nikaambiwa nikunje magoti, niteremke, kichwa kicheze kama mti kwenye upepo. Nyonga ziliniuma. Na siku ya kwanza, kabla hata ya kuanza, nilishika bandeji za mikono nikagundua sijawahi kujifunga mwenyewe. Ulikuwaga unanifunga wewe, unaniuliza habari za nyumbani huku unazungusha. Niliingia chooni nikakaa humo. Mage alinifuata, akanifunga ovyo ovyo, vidole vikafa ganzi, nikafanya mazoezi hivyo hivyo.

Halafu kuna hili, usicheke. Siku moja Kocha alinipanga na kijana mmoja tupigane taratibu, kujifunza tu. Kijana akanibana kwenye kona. Mguu wangu, ule wenye aibu, ukanyanyuka wenyewe ukampata pajani. Lilikuwa teke zuri kuliko yote niliyowahi kupiga maishani, na nimelipiga mahali lisipotakiwa. Yule kijana alikaa chini. Wengine wakaanza kunung'unika kwamba hawa wanawake watawavunja watu miguu, warudi walikotoka. Nilivua glovu nikajua ndiyo basi. Kocha Shabani hakugomba. Alichukua bandeji akanifunga miguu yote miwili, akaacha nafasi ya hatua fupi, akaniambia niendelee. Nilifanya mazoezi hivyo mpaka miguu ikasahau. Yule kijana sasa ndiye anayenishikia pedi.

Kikwazo kikubwa kilikuwa nyumbani. Unamjua baba yangu. Duka lake la vifaa vya ujenzi liko pale Temeke tangu babu yetu, kila anayepita anamsalimia Mzee Salim, na kila anayemsalimia ana la kumweleza. Kwako aliniruhusu kwa sababu tulikuwa wanawake watupu na mlango umefungwa. Mtu akamfikishia dukani kwamba binti yake kaonekana kwenye klabu ya wanaume. Aliniita baada ya swala ya alasiri. Hakupaza sauti.

"Mwanangu, sijakukataza kupigana," aliniambia. "Nakukataza kupigana mbele za watu."

Nikakaa nyumbani. Nilipanga misumari dukani, nikapima nyaya. Usiniulize nilikuwa najisikiaje. Nilihisi nimefiwa nawe mara ya pili.

Aliyenitoa ni Mage. Alikuja nyumbani na nguo zake za kanisani, akamwamkia Baba, akakaa chini kwenye mkeka akakataa kiti. Mama akaleta kahawa na tende. Mage hakubishana naye. Alimsimulia habari zako: jinsi mwezi wa Ramadhani ulivyokuwa ukisogeza mazoezi yawe baada ya futari kwa ajili yetu sisi tunaofunga, na wewe Mkristo unakaa na njaa yako pamoja nasi mpaka adhana. Baba hakuwa akilijua hilo. Alizungusha kikombe chake, akauliza kama kweli. Nikamwambia kweli. Mage akamwomba kitu kimoja tu, aje aone kwa macho yake.

Akaja, na kanzu yake. Vijana wote wakampa shikamoo, maana nusu yao wameshanunua bati kwake. Yeye na Kocha Shabani walikaa pembeni wakazungumza muda mrefu, wazee wawili, na mie napiga gunia letu. Walipoinuka walikuwa wameshakubaliana. Mchana, kabla ya alasiri, itakuwepo saa ya wanawake peke yao, wanaume watatoka na pazia litashushwa. Kocha atatupa mafunzo siku nyingine pamoja na wote, na hiyo saa tutajiongoza wenyewe.

Na ikiwa nitapanda ulingoni mbele ya watu? Siku kadhaa baadaye Baba alinichukua kwa fundi, akachagua kitambaa cheusi yeye mwenyewe, akakivuta huku na huku, akataka mikono mirefu na kilemba kinachokaa vizuri chini ya kofia ya kinga. Hakusema nimekukubalia. Alimwambia fundi tu, "Kisimbane kwapani, atashindwa kurusha."

Sasa sikia. Habari za saa ya wanawake zilipozagaa, wakaanza kurudi. Yule wa kutembea asubuhi alirudi. Asha alirudi na mtoto kamfunga kanga mgongoni, tukawa tunapokezana kumbeba. Wote wako, dada. Walisimama mlangoni tena kama siku ile ya Kurasini, lakini safari hii waliingia.

Jumamosi ndiyo ilikuwa siku ya pambano. Ukumbi wa Kinondoni, watu wamejaa, singeli inapigwa mpaka viti vinatetemeka. Refa alikagua kilemba changu, akagusa kofia, akaridhika. Mpinzani alikuwa msichana kutoka klabu moja ya Madale, mrefu kunizidi, anapiga kwa mkono wa kushoto. Raundi ya kwanza sikuiona ngumi yake hata kidogo. Niliona taa, halafu nikaona sakafu, goti langu liko chini na refa ananihesabia. Dada, pale chini palikuwa na utulivu wa ajabu. Ningeweza kubaki. Hakuna ambaye angenilaumu.

Katikati ya kelele zote nikaisikia sauti ya Mage, ile ya kuamsha darasa zima: "Zuhura, simama wewe!"

Nikasimama. Kengele ikaniokoa. Kocha Shabani akanimwagia maji akaninong'oneza niache kumtafuta usoni, ni mrefu, nimfuate tumboni. Raundi ya pili nikakunja magoti, nikateremka, nikaingia chini ya ile mikono mirefu na kumpiga mbavuni mpaka nikasikia pumzi yake. Ya tatu alikuwa anarudi nyuma na mie namfuata. Ngumi zilitoka zenyewe, nzito, moja nyuma ya nyingine, na kila moja nilijua inakokwenda. Refa aliponyanyua mkono wangu, Asha alipiga kigelegele na mtoto wake akaanza kulia, ukumbi mzima ukacheka.

Baba alikuwa kasimama nyuma kabisa, karibu na mlango. Alishindwa kukaa. Nilipomfikia alinitazama jicho lililovimba.

"Umeumia?"

Nikamwambia kidogo.

"Na yeye?"

Nikamwambia zaidi yangu.

Akatikisa kichwa taratibu, akaenda kuninunulia maji. Leo asubuhi nimemsikia dukani akimweleza mteja habari za raundi ya pili, na alikuwa anakunja magoti.

Hayo ndiyo yaliyotokea, dada. Limebaki moja, nalo ndilo limenifanya nikuandikie.

Jana, saa ya wanawake, pazia likafunuliwa akaingia mama mmoja mgeni, mpishi wa hoteli kule Mbezi Beach. Alikuwa bado na harufu ya vitunguu, mkoba kaukumbatia kifuani. Akauliza kocha yuko wapi. Mage akaninyooshea kidole. Na mie, dada, sikugeuka nyuma kukutafuta. Nilimfuata, nikampokea mkoba wake, nikamwambia alete mikono nimfunge.

Nitakuja Same mwisho wa mwaka, nimwamkie mama yako na kusafisha majani pale ulipolala. Na nakuahidi hili: maadamu nina pumzi, hakuna mwanamke atakayeufikia mlango ule akarudishwa.

Pumzika sasa, dada yangu. Mungu akupe usingizi mwema. Mie wanawake wananingoja, tunaanza saa nane.

Zuhura wako