Ng'ombe Niliyemlilia Rujewa

Uyole, Mbeya
Jumamosi, baada ya chai

Mke wangu Yudita,

Kamwene. Barua hii ikukute mgongo umenyooka na mbuzi wote wana mikia yao. Mimi ni mzima, isipokuwa jino moja limeondoka bila kuaga. Na wewe mwinjilisti unayemsomea mke wangu, kamwene na wewe. Soma kama ilivyoandikwa. Ukiruka neno nitaliona usoni mwako siku nikifika.

Yudita, barua yako nimeletewa na dereva wa lori la mahindi. Mistari mitatu tu. Unasema gari la sinema la huko Iringa lilifika uwanja wa misheni, ukaniona kwenye kile kitambaa cheupe nikimlilia ng'ombe, uwanja mzima ukacheka isipokuwa wewe. Halafu unasema, "Ng'ombe umemlilia. Lukasi hukumlilia. Usije nyumbani mpaka unieleze." Nimeisoma mara nyingi kuliko nilivyowahi kusoma Agano Jipya, mwinjilisti na asikie.

Basi nakueleza. Univumilie, maana unajua mimi sifiki mahali bila kuzunguka.

Kazi yangu huku unaijua. Nafuatana na gari la sinema, nashika kipaza sauti, nawaambia watu kwa Kiswahili yale wanayosema Wazungu kwenye picha. Ninalolielewa nalisema, nisilolielewa nalitunga. Kwanza tunaonyesha picha ya serikali, ya vyoo au ya mbolea, halafu tunawapoza watu kwa picha ya kuchekesha kutoka Amerika. Humo ndimo nilimokutana na Bwana Sinia. Jina lake la kweli huandikwa mwishoni, herufi ndogo kama mchwa, watu wameshaanza kukunja mikeka. Sisi tumempa hilo kwa sababu kila picha yumo na sinia lake. Mfupi, kipara, macho kama ya mtu aliyekalia siafu. Leo mpishi, kesho bawabu wa hoteli, keshokutwa baba mkwe wa mtu. Hajawahi kumpata binti mzuri wa picha, hajawahi kushinda vita. Anaingia, anajikwaa, sahani zinalia, anatoka. Lakini akitokea tu, mama wa Kisafwa aliyekuwa anaondoka na mzigo wake kichwani anautua.

Safari moja akapigwa risasi kwenye picha. Wiki iliyofuata huyo anakuja na chai. Mtani wangu mmoja wa hapa akasimama katikati ya watu. "Wewe bwana wa kipaza sauti, huyu si tulimzika Jumanne?"

"Tulimzika," nikamjibu, "lakini kwao hakuna mwingine anayejua kubeba sinia."

Fundi wetu wa mashine ni Mgoa, Bwana Fernandi. Ana gazeti la zamani la mambo ya sinema, analitunza kama cheti cha ndoa. Siku moja gari lilikwama matopeni, akanisomea maisha ya Bwana Sinia. Kumbe ni mtoto wa mwoka mikate. Alitoroka kwao akafuata watu wa maonyesho ya hema, kazi yake kuanguka kutoka juu ya ngazi. Sinema zilipokuja zilikuwa bubu, akaanguka na humo. Zilipopata sauti, wengi wenye sura nzuri walifukuzwa kwa kuwa na sauti za vifaranga. Yeye sauti yake ya kifaranga ndiyo ikampa kazi. Picha zaidi ya mia, mke wangu, na hata moja si yake.

Alikuwa na binti mmoja tu, akafa. Asubuhi walimzika, mchana baba akaenda kazini akaanguka na sahani zake. Siku hiyo alianguka vizuri kuliko siku zote. Wenzake wakacheka, na walipojua ametoka wapi wakamchukia, wakasema mtu huyu hana moyo. Gazeti linasema alipoulizwa alijibu kwamba siku ile mwili wote ulikataa kumtii, isipokuwa miguu, kwa sababu ilikuwa imezoea kuanguka.

"Rudia hapo," nikamwambia Fernandi.

"Hapo wapi?"

"Penye miguu."

Akarudia. Halafu akanitazama. "Mzee, leo umenyamaza. Utani umeisha?"

"Nasukuma gari," nikasema. Na gari tulikuwa hatujaanza kulisukuma.

Yudita, siku ya msiba wetu unaikumbuka. Watani zetu Wangoni walikuja na mizaha yao kama ilivyo desturi, na mimi mwenye mtoto nikawashinda. Mmoja alijilaza kaburini akasema hatoki mpaka apewe kuku. Nikamwambia kuku hakuna, ila mama mkwe wangu yupo, amchukue yeye. Watu walicheka mpaka wakaona aibu. Ulinitazama mara moja, hukunitazama tena hadi nilipopanda lori kuja huku. Sikuwa na furaha, mke wangu. Ulimi tu ndio uliokuwa bado unanitii.

Sasa ng'ombe. Mzungu wa kutengeneza picha alitafuta mtu wa kuwa mkulima mjinga, anayekataa kupeleka ng'ombe kwenye josho, ng'ombe anakufa, mjinga analia. Aliponiona tu akasema amempata. Tukaenda Rujewa. Ng'ombe akamwagiwa chumvi ya kulamba, akalala, mzima kabisa. "Lia, mzee," akasema. Nikalia kama mbuzi. "Hapana, lia kweli." Nikalia kama kwaya ya mwinjilisti. Akatikisa kichwa. Mara ya tatu nikamshika ng'ombe sikio, nalo lilikuwa la moto. Nikakumbuka sikio la Lukasi asubuhi ile, lilivyokuwa la baridi nilipomgusa nikidhani amelala. Jina hilo sijalitamka tangu tulipomfukia. Sasa nimeliandika mwenyewe, mwinjilisti alisome polepole.

Basi nililia, Yudita. Filamu ilikwisha ndani ya mashine, mimi bado. Mzungu akapiga makofi. Yule maiti alinilamba shingo, akatikisa sikio, na nadhani hapo ndipo uwanja wenu ulipocheka. Siwalaumu. Hata mimi ningecheka.

Kwa hiyo sikumlilia ng'ombe. Nilichelewa tu, zaidi ya mwaka.

Na lingine. Ile pia ya Lukasi, ya kuzungusha kwa kamba, uliyoitafuta nyumba nzima, ukawasingizia panya, ukamsingizia na dada yangu, ninayo mimi. Niliichukua asubuhi ile kabla watu hawajajaa. Picha ikirudi, usiniangalie usoni, uso wangu umeshauchoka. Angalia ngumi yangu ya kushoto. Haifunguki mwanzo hadi mwisho. Imo humo.

Mahindi yakishavunwa gari letu linakuja Iringa. Ukiniruhusu, nitakuja nayo, uiweke unapotaka wewe, kaburini au dirishani. Usiponiruhusu, atakuletea mwinjilisti, nami nitabaki kwenye gari.

Nisalimie dada yangu, umwombe radhi kwa habari ya panya. Nisalimie mama yako, umwambie Mngoni bado anamwulizia. Na mchungaji aliyetuita Abrahamu na Sara tulipompata mtoto uzeeni, mwambie Abrahamu hajambo.

Jina hili nimelikwepa muda mrefu. Leo natia sahihi nalo.

Mumeo,
Baba Lukasi