Sura ya Mama Dirishani

Hull, 3 Machi 1975

Graham mwanangu,

U mzima? Koo lako limepona? Mimi mwili haujambo, mengine utayasoma.

Jana nilikwenda Hessle Road kununua samaki. Nikakuta watu wamejaa mbele ya duka la santuri, na mimi nikachungulia. Nikajiona! Dirisha zima ni mimi, kwenye majalada ya santuri yenu: kinywa wazi, mtandio umeanguka, fizi tupu. Ni siku ile tulipoambiwa getini kwa wenye meli kwamba meli iliyopotea baharini hawaitafuti tena, baba yako na wenzake ndio basi. Nilitoka nyumbani mbio, hata meno ya bandia sikuyavaa. Kijana mmoja akaniangalia, akaangalia jalada, akamwambia mwenzake, "We! Si ndiye bibi kibogoyo huyu?" Wakacheka.

Nani alikuruhusu?

Mama yako

London, 20 Machi 1975

Mama mpendwa,

Natumai hujambo na goti limetulia. Nisamehe kuchelewa, tulikuwa Ujerumani.

Picha aliipiga Nigel wa bendi yetu, siku ile alikuwa amenisindikiza. Tulipoitazama, bendi nzima tulikubaliana iwe jalada. Mama, hakuna aliyekudhihaki. Albamu yote inamhusu baba. Zote tulizotoa kabla ukizijumlisha hazifikii mauzo ya hii, tuko namba moja hapa na Marekani. Watu wananiandikia kwamba wameitazama sura yako wakalia. Sasa dunia nzima inamjua baba.

Mwanao,
Graham

Hull, 2 Aprili 1975

Graham,

Salamu nakupa kwa sababu nilikulea vizuri.

Dunia inamjua baba yako? Hata jina lake hamkuliandika! Wanayoyajua ni mafizi yangu. Na hukuangalia nyuma yangu? Yule aliyeshika ukuta ni Pauline Garside. Wanawe wawili walikuwa kwenye meli ile. Siku hizi hatoki, mkate anapelekewa na dada yake, Sheila.

Jumamosi tulikwenda dukani wajane wote, tukageuza majalada yakatazama ukuta. Mwenye duka akalia, "Jamani, mama zangu, hiyo ndiyo inayonilisha!" Sheila akamjibu, "Basi kula kimya kimya."

Badilisha jalada. Sikuombi.

Mama yako

Chicago, 11 Julai 1975

Mama,

Habari za siku nyingi? Huku joto kali, sauti inakwaruza, lakini tunaendelea.

Barua yako niliipata. Kampuni ya santuri imekataa, wanasema jalada ndilo watu wanalolitafuta dukani. Nami, Mama, sioni aibu iko wapi. Ulikuwa unamlilia mumeo. Kwani kulia ni kosa?

Septemba tunapiga muziki Hull. Nimekuwekea kiti cha mbele kabisa. Njoo uone wanavyokupenda.

Mwanao,
Graham

Hull, 25 Julai 1975

Graham,

Mimi mzima. Goti limevimba.

Kulia si kosa. Kosa ni kuuliza baada ya kuuza. Kiti chako mkalishe Nigel.

Ukija Hull, gari liache stesheni. Pita mtaani kwa miguu, ugonge kila mlango wa waliokuwa getini siku ile, uwaombe radhi kwa kinywa chako mwenyewe. Mwisho uje kwangu.

Mama yako

Hull, hotelini, 14 Septemba 1975

Mama,

Sijui hata nikusalimu vipi.

Nilifanya ulivyosema. Sheila alinisikiliza mpaka mwisho akiwa na ufagio mkononi, kisha akasema, "Umemaliza? Haya." Wengine walinifungia. Pauline alifungua kidogo tu, nikaona jicho moja. Nilimwambia, "Nisamehe, mama." Akaniuliza, "Wanangu uliwajua?" Nikamtajia majina. Akafunga mlango taratibu.

Kwako niligonga mpaka vidole vikauma. Birika lilikuwa linachemka, nilisikia. Nilipokaribia niliona pazia likitikisika. Ulikuwemo, Mama! Nilimwomba radhi kila mtu, wewe ukaniacha barazani kama mchuuzi, majirani wakitazama. Ulitaka nini zaidi?

Kesho asubuhi tunaondoka.

Graham

Hull, 15 Septemba 1975

Graham mwanangu,

Sheila anakuletea hii mbio, Mungu akipenda atakukuta.

Nilikuwemo. Nikiwa dirishani nilikuona ukitoka kwa Pauline, umeinamisha kichwa, unatembea kama baba yako kabisa. Ulipogonga nilikuwa sakafuni jikoni, nalia kama siku ile ya getini.

Zamani ningekufungulia hivyohivyo, na kamasi zangu. Mtu hajifichi kwa mwanawe. Sasa najificha, kana kwamba umekuja na kamera.

Hilo ndilo ulilonichukulia. Nami sijui utalirudishaje.

Mama yako