Simu Moja, Wanawake Saba na Mzee Asiyekuwepo

Mama Natalie, habari ya huko. Mimi husoma ukurasa wako kila Jumamosi tukishafungua duka, na sikuwahi kufikiri nitakuandikia, lakini leo naomba unisaidie kabla sijatangaza kifo cha mzee ambaye hajawahi kuzaliwa.

Nina miaka ishirini na nane, nilizaliwa Olenguruone, sasa naishi Kaptembwo na nauza dawa za mifugo kwa agrovet moja hapa Nakuru mjini, na diploma ya afya ya mifugo ninayo. Miaka mitatu iliyopita nilianzisha jukwaa la mtandaoni la wafugaji wa huku kwetu, mtu anauliza ng'ombe wake anakohoa, mwingine anajibu, na mimi ndiye admin. Shida ilianza mapema, kwa sababu nikijibu kwa jina langu, Chepkemboi, wanaume walikuwa wananiuliza nimeolewa wapi na nimekamua ng'ombe wangapi, halafu wanaenda kufuata ushauri wa mtu aliyesema ng'ombe apewe soda, basi siku moja kwa hasira nikafungua akaunti ya pili, nikaiita Mzee Kiplimo, nikaweka picha ya kofia imening'inia kwa msumari, nikaandika jibu langu lile lile neno kwa neno. Watu arobaini wakasema asante mzee.

Tangu siku hiyo Mzee Kiplimo ndiye daktari wa jukwaa. Hana haraka, hatukani mtu, na kila mtu anamwita baba. Nilimpatia hata simu yake, ile yangu ya zamani iliyopasuka kioo, kwa sababu najua vile watu wa akaunti mbili hushikwa.

Najua kwa sababu kuwashika ndiyo kazi yangu. Sheria ya kwanza ya jukwaa ni mtu mmoja, akaunti moja, na ni mimi niliyeiandika. Admin huona kila akaunti imeingia kwa simu gani na saa ngapi, na ukiongeza kusoma vile mtu anaandika, haichukui siku nyingi kumjua. Kuna jamaa nilimshika na akaunti nne, alikuwa anajiuliza swali, anajijibu kwamba suluhisho ni chakula cha ng'ombe anachouza yeye mwenyewe, halafu anajishukuru na kujitakia baraka za Mungu. Nilimfungia zote, na watu wakanisifu wiki nzima.

Sasa, mwezi wa pili nikaona simu moja ina majina saba, yote ya wanawake, na kilichonishtua ni kwamba hawakuwahi kuingia wawili siku moja, leo ni Mugure mwenye mbuzi, kesho ni mwingine mwenye kuku, Jumapili ni Jebet anayeuliza habari ya majani ya napier. Nikasema huyu ni mtu mmoja anayebadilisha majina kama nguo. Nikakaa nikingoja akosee. Alhamisi moja saa nne asubuhi, simu hiyo hiyo ikaandika kwa jina la Immaculate: "Ng'ombe yangu imezaa jana, leo imeanguka haisimami, masikio ni baridi, nisaidieni haraka." Mama Natalie, nilisoma hayo maneno nikiwa dukani. Mtu yeyote wa kazi yangu angejua hiyo ni homa ya maziwa na huyo ng'ombe anahitaji kudungwa kalsiamu siku hiyo hiyo, na chupa za kalsiamu zilikuwa kwa rafu nyuma ya mgongo wangu. Lakini mimi sikuona ng'ombe, niliona ushahidi. Nikasema jana ulikuwa na kuku tu, leo una ng'ombe, nimekupata.

Sikutaka kuonekana ni mimi nimeamua peke yangu, kwa hivyo nikachukua ile simu ya zamani, na Mzee Kiplimo akaandika, "Admin, hawa saba naona ni mtu mmoja. Fagia." Watu wakaunga mkono, nikafunga akaunti zote saba, nikabandika majina yao pale juu ya jukwaa na neno WAONGO, nikaenda kunywa chai.

Baada ya siku tisa nikapigiwa na namba nisiyoijua.

"Hallo, ni admin?"

"Ndiyo."

"Mimi ni Immaculate wa Olenguruone. Ule wa Alhamisi."

"Wa Alhamisi aje?"

Akanieleza polepole kama mtu anayeogopa kukosea tena. Wako wanawake saba wanaouza maziwa pamoja, kila mmoja ana kabambe yake, simu ndogo ya kupiga tu, kwa hivyo walichanga wakanunua simu moja ya mtandao, na inazunguka kama pesa za merry-go-round, kila mmoja siku moja kwa wiki. Walipojiunga na jukwaa letu walisoma sheria kwanza, wakaona mtu mmoja, akaunti moja, kwa hivyo kila mmoja akafungua yake ndiyo wasivunje sheria.

Nikamuuliza ng'ombe. Akasema, "Huyo alienda siku ile jioni. Si hiyo nilipigia, madam, hiyo ni mapenzi ya Mungu. Nilipigia juu ya hawa wenzangu sita, wamefungiwa kwa sababu ya swali yangu, na sokoni watu wanatuita waongo. Wafungulie, hata kama mimi utaniacha nje. Na unisalimie Mzee Kiplimo. Mwambie mimi si mwongo. Yeye ni mtu mzima, ataelewa."

Nilimwambia nitaangalia, nikakata simu. Kalsiamu ziko pale pale kwa rafu na mimi huzigeuza lebo ziangalie ukuta.

Na sasa limekuja lingine. Jukwaa lina siku ya wakulima Olenguruone Jumamosi ya wiki ijayo, na Weldon, anayepanga mambo, ametangaza kwamba Mzee Kiplimo ndiye mgeni wa heshima, ati blanketi limeshanunuliwa na atafunikwa mabegani mbele ya watu kama mzee anavyostahili. Nimefikiria mambo matatu. La kwanza, nitangaze mzee ametuacha, nifunge akaunti yake na heshima zake. La pili, mjomba wangu aliyestaafu reli pale Longonot aje apokee hilo blanketi, ako na mvi za kutosha. La tatu, niwafungulie wale wanawake kimyakimya niseme ni mitambo ilikosea. Nichague lipi? Na je, ni lazima Immaculate ajue niliona swali lake? Yeye ameshakubali ni Mungu.

Ni mimi, Admin Niliyekwama, Kaptembwo.

MAMA NATALIE ANAJIBU

Admin, majina yote nimeyabadilisha, hata la mzee, ingawa yeye hawezi kunishtaki.

Tumalize yale ya kuchekesha kwanza. Unataka kumuua mzee? Wewe umekulia Olenguruone kweli? Ukiandika tu kwamba ametuacha, saa moja haitaisha kabla hawajafungua grupu la mazishi, wakachagua mweka hazina, na Weldon akaulizia hema. Watataka picha ya marehemu, na wewe una picha ya kofia. Watauliza anazikwa lini na boma ni gani, na lori la waombolezaji litakuwa tayari lina mafuta. Huyo mjomba naye muache na reli yake. Akishafunikwa blanketi, mama wa kwanza atamuuliza kiwele kikivimba upande mmoja kinafanywa nini, na yeye atamwambia nini, asubiri treni?

Kuhusu kuwafungulia kimyakimya, hapo sicheki. Mitambo haikukosea. Mitambo ilikuonyesha simu moja, na ilikuwa simu moja kweli. Wewe ndiye uliyeamua kwamba simu moja ni mtu mmoja, na wewe binti wa Olenguruone unajua vizuri kwamba kule simu, panga, ng'ombe dume na hata viti vya sherehe huzunguka nyumba kwa nyumba. Ungepiga simu mara moja tu, wakati wowote, ungesikia sauti ya mtu. Wale saba walifungua akaunti saba. Wewe mmoja una mbili, na moja umeificha kwa simu iliyopasuka. Sasa niambie mwenyewe ni nani alivunja sheria ya kwanza ya jukwaa.

Pole, najua umechoka. Na nakuamini kuhusu wale wanaume. Nimeandika ukurasa huu miaka kumi na moja na bado kuna wanaoniandikia "Bwana Mhariri". Inauma kusema jambo la kweli ukachekwa, halafu kofia kwenye msumari iseme lile lile ishukuriwe. Lakini uliyajua maumivu hayo, ukaenda ukawafanyia wanawake saba yale yale. Nilikasirika nikisoma hapo, sitakuficha.

Haya, utafanya hivi. Leo, ukimaliza kusoma, wafungulie wote saba na uondoe lile neno. Usiandike maelezo bado. Jumapili hamfungui duka, kwa hivyo panda gari uende Olenguruone, na usimpigie Immaculate ukamweleza kwa simu, kwa sababu utakata tena. Mwambie uliona swali lake saa nne asubuhi, ukalielewa, na ukalifunga. Usimwambie ng'ombe angepona, hilo hulijui. Usimwambie pia hangepona, kwa sababu nalo hulijui, na usimwachie Mungu lawama yako. Akikuuliza kulikuwa na dawa, jibu kwamba ilikuwepo. Anaweza kukufukuza. Anaweza pia kukupikia chai, na hiyo itakuwa ngumu zaidi, lakini uinywe. Ukiweza kumsaidia apate ndama, msaidie, ila usiende na ndama mkononi siku hiyo kana kwamba unanunua kimya chake.

Ukirudi ndipo uandike kwa jukwaa, kwa jina la Chepkemboi, pale pale juu ulipoandika WAONGO, na likae siku nyingi kama lile lingine lilivyokaa. Sema Mzee Kiplimo ni nani. Majibu yake usifute, watu wanatibia nayo mifugo. Weka tu jina lako chini ya kila moja, wale arobaini wajue walimshukuru nani. Weldon atakasirika kuhusu blanketi na ana haki. Uadmin uweke chini. Wakikurudishia, sawa, na sheria yako ya kwanza uiongezee kwamba hakuna anayefungiwa kabla hajapigiwa na kusikilizwa. Wasipokurudishia, bado una kazi dukani, na hizo chupa uzigeuze lebo zionekane, kuna watu wanazitafuta.

Jambo moja ninaona umelipita haraka kwenye barua yako. Immaculate alikutuma salamu kwa mzee, na hadi leo anafikiri zilifika. Atakuuliza ukiwa kwake, kabla hata hujaketi, mzee alisema nini. Mwambie zilifika siku ile ile, na aliyezipokea ni wewe.