Kadi Mpya Niliyoificha Kabatini

Uyole, Alhamisi jioni, Juni 1979

Kumbe kosa ni langu, si la kompyuta.

Juzi nilijaza nafasi zake zote nne za kumbukumbu. Kadi tatu mpya, na ya nne ile ya zamani. Mpya iliyobaki nikaifungia kabatini, kama mama na sahani zake za wageni. Hesabu za majaribio ya mahindi ziliingia zote, lakini mashine ikajikokota mpaka bosi akasema turudi kwenye kalamu. Iliniuma.

Leo Mzee Sanga, anayefundisha maksai wa kituo kulima, aliingia kuota joto la mashine. Nikamweleza. Akacheka.

“Mwanangu, umemfunga mzee na vijana nira moja. Wote watakwenda mwendo wa mzee.”

Nikaichomoa ya zamani, nikachomeka mpya. Nafasi zote zimejaa, na mashine inakimbia! Jumamosi napeleka majibu Iringa.

Akiba sina tena. Ikiungua moja... basi, tutaona.

Kitabu cha mashine nimekisoma mara tatu. Nyuma ya maksai wa baba nilitembea utoto wangu wote, na sikukumbuka.